Mkaa Unaingilia Wapi?

Jiko la kwanza nililomtengenezea binti yangu lilikuwa na plati nne. Nilichukua CD za zamani za kwaya ambazo hazina tena redio ya kuzipiga, nikazibandika juu ya ubao, mbele nikapigilia vizibo vinne vya soda viwe swichi. Nilikesha nalo, mama yake akinicheka kutoka chumbani. Asubuhi mtoto akalizunguka mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, akapiga magoti, akachungulia chini, kisha akaniuliza: "Baba, mkaa unaingilia wapi?"

Nilikosa jibu. Hapa kwetu Katubuka, mjini Kigoma, tunapikia mkaa. Kwa bibi yake Ujiji wanapikia mkaa, na siku ya wageni wengi wanatoka uani kwenye mafiga. Jirani ana jiko la gesi la plati mbili, ila mara nyingi limefunikwa kitambaa kwa sababu mtungi umeisha. Jiko la plati nne nililiona wapi? Kwenye simu. Nilikuwa nimemtengenezea mwanangu picha ya simu yangu.

Nilizing'oa zile CD jioni ileile. Nikakata tundu mraba upande wa chini, nikamwambia mkaa unaingilia hapo na majivu yanatokea hapohapo. Akaridhika. Tangu siku hiyo, na huu ni mwaka wa pili, nimekuwa mtu wa kuokota mbao, na nimekuwa na maneno mengi juu ya jambo hili kuliko wanavyopenda wenzangu kazini. Acha niyaseme hapa, huenda kuna mzazi anayefikiria kushika msumeno.

Kabla ya jiko la mbao lilikuwepo la plastiki. Shemeji yangu alilinunua Dar es Salaam, akalibeba kwenye treni mpaka huku mwisho wa reli, safari ya siku mbili, likiwa mapajani ili lisipondwe na mizigo. Lilikuwa la waridi, lina bomba linalolia kama maji yanachuruzika, lina oveni yenye mlango. Wiki ya tatu mlango ule ukakatika kwenye bawaba. Nikatia supa gluu, ikashika mpaka saa ya chai. Nikapasha waya motoni nitoboe nifunge kamba, plastiki ikayeyuka ikaacha tundu la kupitisha kidole. Nikampelekea fundi redio, nikampelekea fundi baiskeli, wote wakaligeuza mkononi na kunirudishia bila neno. Bawaba yenyewe ilikuwa nyembamba kama ukucha, imeundwa pamoja na mlango, haina pa kushika.

Sina ugomvi na plastiki. Nusu ya vyombo vya nyumba hii ni plastiki, na ndoo zetu zimeishi kuliko baadhi ya ndoa ninazozifahamu. Ugomvi wangu ni na kitu kilichoundwa ili kikiharibika basi. Mtoto alilia siku moja, siku ya pili akalisukuma nyuma ya pipa la maji, siku ya tatu akalisahau. Kilichoniuma si hela ya shemeji, ni ule wepesi wa kusahau. Alikuwa ameshajifunza, katika umri wa miaka minne, kwamba kitu kikivunjika kinasukumwa nyuma ya pipa.

Kwa hiyo ninapochagua samani ya mtoto siku hizi naangalia kwanza kama mimi na yeye, kwa bisibisi na nyundo, tunaweza kuirudisha ikiharibika. Uzuri wake unafuata baadaye. Na mbao chakavu inashinda kila kitu kwa kigezo hicho, kwa sababu imeshavunjika mara moja na bado ipo.

Tatizo la Kigoma ni kwamba mbao iliyotupwa haipo. Nimesoma maandishi mengi ya watu wa mbali wanaosema zunguka mtaani, utakuta kabati limewekwa nje, beba. Huku ukiona kabati nje ujue kuna msiba au kuna kuhama. Kila kipande cha mti kina mwenyewe, na asipokuwa seremala basi ni mtu wa kuni. Nilijua hivyo kwa aibu kule ufukweni Kibirizi.

Nilikwenda kutafuta mbao za jiko jingine, kipindi cha mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanahitaji giza ili taa zao ziwaite samaki, mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, na ndipo mitumbwi inapopandishwa mchangani kutengenezwa. Mafundi wanang'oa mbao zilizooza ubavuni, wanapachika mpya, wanashindilia pamba kwenye maungio. Vipande vimezagaa. Mimi nikaona hazina, nikainama nikaanza kukusanya.

"Shikamoo fundi," nikamwambia mzee aliyekuwa karibu.

"Marahaba. Unatengeneza boti au mtumbwi?"

"Jiko."

Akaacha nyundo. "Jiko la mbao?"

"La mtoto, fundi. La kuchezea."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Alipopata pumzi akanionyesha kwa kidevu mama mmoja aliyekuwa anakuja na ungo kichwani. "Hizo ulizobeba ni za yule. Kaongee naye."

Mama yule anakausha samaki aina ya migebuka kwa moshi. Vipande vyote vya eneo lile ni kuni zake, amekubaliana na mafundi zamani, na wao anawaletea chai. Mimi nilikuwa nimebeba moto wake wa siku nzima kwapani. Nikaomba radhi, tukapatana shilingi 5,000 kwa mbao tano ndefu, na akachagua yeye zipi za kunipa. Akanipa zilizonyooka. "Zilizopinda zinawaka vizuri," alisema, "hizi zinanisumbua kukata." Kila mmoja akaondoka akidhani amempunja mwenzake, biashara nzuri kabisa.

Ndiyo maana sipendi mtu anaposema samani hizi ni za bure. Kwangu mbao zilikuwa 5,000, skrubu 3,000, msasa 2,000, gundi ya mbao 3,500. Jumla 13,500, na hapo sijahesabu Jumamosi tatu na kidole gumba kilichobadilika rangi. Ni nafuu kuliko la plastiki lakini si bure, na anayekwambia bure ama ana karakana ama hathamini muda wake. Cha bure kilikuwa kimoja tu: chaga za kitanda chetu cha zamani, ambacho tulikuwa tumekiegemeza ukutani miaka mitatu tukisema tutakitengeneza. Chaga ni mbao nyembamba, zimeshalainishwa na miaka ya godoro, urefu wake unatosha mbele ya jiko bila kukata. Ukiwa na kitanda kibovu ndani usihangaike kwenda popote.

Mbao ya mtumbwi ina mambo yake. Kwanza ni misumari. Kutu imeishika, na ukiivuta kwa pupa inakatika kichwa na kubaki ndani kama mwiba, halafu unaikuta kwa meno ya msumeno. Nilijifunza kuigonga kwanza kwa nyuma, kidogo, mpaka kichwa kinyanyuke upana wa shilingi, ndipo naingiza kucha za nyundo na kuweka kibao chini yake ili nisibonyeze mbao. Msumari unatoka ukilia. Yote niliyoitoa niliinyoosha juu ya jiwe na kuiweka kwenye kopo la maziwa, maana mkono wa mtu aliyekulia Kigoma hautupi msumari. Baada ya hapo nilipitisha sumaku ya spika mbovu juu ya kila mbao, polepole, pande zote mbili. Ilinasa vichwa viwili ambavyo macho hayakuviona.

Pili ni harufu. Mbao imelala na dagaa kwa miaka, hupati mtoto wa kuikubali, labda paka. Nilisugua kwa mchanga na majivu, nikasuuza, nikaanika juani wiki nzima nikigeuza asubuhi na jioni kama mtu anayekausha muhogo. Nilipopiga randa, maranda yakatoka mekundu yenye mistari ya dhahabu. Mninga! Ulikuwa umejificha ndani ya ile ngozi ya kijivu muda wote. Nikakaa chini nikanusa ile mbao kama mjinga.

La tatu ndilo la kuangalia sana kuliko yote. Sehemu za mtumbwi zilizopakwa lami, ziache. Mbao zilizopakwa oili chafu ya injini ili mchwa asizile, nazo ziache, hata zikiwa nzuri namna gani. Huku watu wengi wanapaka oili nguzo na kenchi, kwa hiyo mbao ya paa la zamani uinuse kabla ya kuipenda. Rangi kuukuu usiyoijua usiikwangue kavukavu mtoto akiwa karibu, kwa sababu rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa mtoto. Mtoto hachezei samani kwa mikono tu, anailamba. Na wanaopata paleti za bandarini, zile zinazobeba shehena za kwenda Kongo na Burundi, watafute muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao ilipashwa moto kuua wadudu, hiyo itafaa. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, dawa kali. Hiyo muachie mwenye bandari. Na hata yenye HT, ikiwa na madoa ya mafuta au kemikali iliyomwagika, iache pia.

Kuunda kwenyewe sitaeleza hatua kwa hatua. Mtu akishaona meza ameshaona jiko la mtoto: miguu minne, uso mmoja, rafu chini. Kimo nilimpima yeye mwenyewe. Nilimsimamisha ukutani, nikaweka alama chini kidogo ya kiwiko, ikatoka sentimeta 52. Watu wengi wanatengeneza juu mno kwa sababu wanapima kwa macho ya mtu mzima, mtoto anaishia kupikia kidevuni. Kona zote nilizila kwa msasa mpaka zikawa duara. Upande wa kulia nilikata tundu likakaa beseni dogo, ndilo sinki.

Ila bawaba nitazieleza, kwa sababu najivunia. Bawaba za chuma zinabana vidole vya watoto na za dukani zilikuwa zimenishinda bei. Nikachukua kandambili iliyokatika mkanda, nikaikata vipande viwili vya upana wa vidole vitatu, nusu nikaipigilia kwenye mlango na nusu kwenye fremu, kila msumari ukiwa na kizibo cha soda juu yake ili kichwa kisizame kwenye raba. Mlango unafunguka, unafunga, haupigi kelele, na kidole kikiingia kinakutana na raba. Sikubuni mimi. Bibi yangu alikuwa na banda la kuku lenye mlango wa hivyo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa ni zito halitaanguka. Mdogo wake, wa miaka miwili na nusu, alifungua ule mlango mzuri wa kandambili akaufanya ngazi. Jiko lilimlalia. Alitoka na uvimbe kwenye paji la uso na mimi nikatoka na maneno ya mama yake ambayo sitayaandika hapa. Siku hiyohiyo nilitoboa ukuta nikalifunga kwa vipande viwili vya chuma chenye kona. Fungeni ukutani, jamani. Kabati, rafu, jiko, chochote kinachozidi kimo cha goti la mtu mzima.

Jirani yangu mmoja alipita akasema jiko ni sawa kwa yule wa kike, lakini wa kiume nimtafutie gari. Nikamwambia wa kiume ndiye mpishi mkuu, dada yake ameshahamia kwenye kuuza. Alitikisa kichwa. Yeye mwenyewe aliishi kwa chips alizokaanga kwa mikono yake pale Mwanga kwa miaka sita, sikutaka kumkumbusha.

Hicho nilichomwambia kuhusu kuuza ni kweli. Mwezi wa kwanza lilikuwa jiko. Ugali wa muhogo ulipikwa kwa udongo mweupe, majani marefu ya mwembe yakawa migebuka, mawese yakawa maji ya tope jekundu, na nililishwa mpaka nikaomba likizo. Kisha siku moja likawa genge, ndani ya sinki kuna nyanya ambazo ni kokwa za chikichi. Sikulitengeneza liwe genge, lakini halikuwa na kitu kinachokataa. Hakuna picha ya oveni iliyochorwa, hakuna kitufe cha mlio. Wazazi wanaojaza mapambo, samahani, wanajipambia wenyewe na simu zao. Nami nilikuwa mmoja wao, na zile CD nne ni ushahidi.

Watoto wa mji huu hawajawahi kutusubiri. Wanaunda magari ya waya na makopo yenye usukani wa fimbo ndefu, wanafunga mpira kwa makaratasi na kamba, na hakuna mtu mzima aliyewaelekeza. Kazi yetu ni ile wasiyoiweza kwa sasa, yaani kukata mbao nzito, kutoa misumari yenye kutu, kuhakikisha kitu hakianguki. Ukifika hapo, acha. Hata kwenye madarasa ya awali walimu wanatakiwa kuwa na kona za ujifunzaji, na nimeona moja ambayo kila kitu kilikuwa kimebandikwa kwa gundi mezani kisipotee. Mtoto alikuwa anaangalia kikombe asichoweza kukinyanyua.

Sasa nirudi kwenye kutengeneza, maana ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo. Jiko letu limeharibika mara nne. Mguu mmoja ulilegea, rafu ikapasuka walipokaa watatu juu yake, beseni likatoboka, kandambili ya juu ikachanika. Mara zote nne limerudi. Na kila mara nimeona kwamba siku ya matengenezo inawavutia kuliko siku ya kupika. Wanagombania kushika bisibisi. Binti anahesabu skrubu na kuzipanga kwa kimo. Mdogo wake kazi yake ni kupuliza vumbi, anapuliza hata pasipo na vumbi.

Ndiyo sababu nimeacha gundi kabisa na misumari nimeibakiza kwenye bawaba tu. Maungio yote mengine ni skrubu, tena nazisugua sabuni kabla ya kuzikaza, ziingie kwa urahisi na siku ya kufungua zitoke kwa urahisi. Mtu wa Kigoma anapaswa kuelewa hili bila kuambiwa. Meli yetu ya ziwani, Liemba, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam kisha kwa reli mpaka huku, ikaungwa tena hapahapa na kuingia majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha kwa mikono yao. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Ikalala chini ya ziwa kwa miaka. Waingereza walipoiibua 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Mimi kila nikisugua sabuni kwenye skrubu nawafikiria wale watu wa grisi. Maji yanawafikia magotini na bado wanawaza siku ambayo mtu mwingine atakuja kufungua.

Nilimsimulia binti habari hiyo. Akaniuliza kama ndani ya meli walikuwa na jiko, na kama ni la mkaa. Nikamwambia injini yenyewe ilikuwa ya mvuke, kwa hiyo ndiyo, kulikuwa na moto mkubwa sana. Akatingisha kichwa kama mtu aliyelijua hilo siku nyingi.

Juzi nilirudi kazini jioni, nikavua viatu, nikatafuta kandambili zangu niende kuoga. Nikaipata ya kulia. Ya kushoto nikaikuta uani, imekatwa kisigino, imekatwa vibaya kwa kisu cha mboga ambacho nimeshakihamishia juu ya kabati. Kwenye jiko, bawaba ya chini iliyokuwa imeanza kuchanika ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pamekaa kipande kipya cha bluu chenye misumari mitatu kutoka kwenye kopo langu la maziwa. Mmoja umepinda, mmoja umeingia nusu. Vizibo vya soda vipo, vyote vitatu. Mlango sasa unagusa sakafu na inabidi uunyanyue kidogo ndipo ufunguke, lakini unafunguka.